Nyumba Isiyofukizwa

Mke wangu alikuwa mpishi wa udi. Nasema mpishi kwa sababu udi wetu wa Pwani hupikwa. Sukari huyeyushwa sufuriani, ikatiwa vipande vya udi vilivyotwangwa, sandali, miski na mafuta ambayo kila mpishi ana yake na hamwambii mtu, kisha humiminwa kwenye sinia na kukatwa ukishaganda. Kipande kimoja juu ya kaa la moto ndani ya chetezo kinatosha kuijaza nyumba nzima. Pale uani kwetu Likoni palikuwa na tenga la ukindu la kufunika juu ya chetezo, nguo zikatandazwa juu yake zipate moshi. Mabibi arusi wengi wa upande huu wa kivuko walitolewa na mkono wake, nguo na nywele, na mpaka leo nikikutana sokoni na mama wa makamo akaniamkia kwa adabu nyingi kupita kiasi, huwa najua alipita kwenye tenga lile.

Mimi nilikuwa dereva wa winchi bandarini mpaka nilipostaafu. Ni kazi ya kukaa juu peke yako kutwa, na labda ndiyo iliyonifanya nisiwe mtu wa maneno mengi wala mwepesi wa kuchekea kila mtu. Watoto hatukujaaliwa. Hilo tulilikubali mapema, na nyumba haikuwa kimya hata hivyo, kwa sababu wanawake walikuwa wakiingia na kutoka tangu asubuhi. Nilizoea kulalamika. Nikitaka kusikiliza taarifa ya habari naambiwa nipishe, kuna watu wa nguo. Nikitaka kulala mchana nasikia vicheko uani. Nilimwambia mara nyingi kwamba nimeoa soko, naye alinijibu kwamba basi nijitafutie duka la kukaa.

Kikohozi kilipoanza, kila mtu alikuwa daktari. Aliletewa tangawizi, asali, habasoda, mafuta ya kuchua kifua. Zahanati ikampa vidonge vya homa ya mapafu, akamaliza, wakampa vingine. Akaanza kukonda. Madera yake akawa anayapunguza kwa pini, kisha akaacha kuyapunguza. Wakampima makohozi wakidhani ni kifua kikuu, hakikuonekana. Halafu bega likaanza kumuuma, na siku moja asubuhi akaniita nikione kitambaa alichokoholea. Palikuwa na damu, kidogo tu. Tulikitazama kile kitambaa sote wawili, kisha nikaenda kutafuta viatu vyangu.

Tukavuka kwenda hospitali ng'ambo. Alipigwa picha ya kifua, pakaonekana kivuli. Akaingizwa kwenye mashine kubwa inayopiga picha mwili vipande vipande. Wakamtoa maji yaliyojaa upande mmoja wa pafu kwa sindano nene ya mgongoni, na kwa sindano nyingine wakachukua kinyama kidogo cha kupimwa. Nilikuwa nimemshika mikono wakati wa ile sindano ya mgongoni, yeye amekaa ameinama juu ya mto. Hakulia. Alinibana vidole tu, na pete yake ikaniachia alama.

Daktari aliyetupa majibu alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mwenye sauti ya pole. Jambo moja nililompendea ni kwamba alizungumza na mke wangu, hakuzungumza na mimi juu ya kichwa chake. Alimwambia ni saratani ya mapafu, na kwamba imekwisha kutoka pafuni ikafika kwenye mifupa, ndiyo maana bega linauma. Kabla ya hapo alikuwa amemuuliza kama amewahi kuvuta sigara. Mke wangu alikasirika, akajifunika ushungi vizuri na kutazama pembeni kama aliyetukanwa. Daktari akaeleza kwamba humuuliza kila mtu, kwa kuwa wagonjwa wengi wa maradhi haya ni wavutaji. Lakini wako pia wasioigusa sigara maisha yao yote. Wengine huvuta moshi wa sigara za wenzao. Wengine ni moshi wa kuni na makaa kwenye jiko lisilo na dirisha, au vumbi la kazini, au yale mapaa ya zamani ya asbesto. Kwa wengine ni damu ya ukoo, na kwa wengine sababu haionekani kabisa.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Na udi, mwanangu?"

Daktari akaiweka kalamu chini. Akasema moshi wowote unaoingia kifuani mwaka nenda mwaka rudi haumfai mtu, na ule wa udi ni moshi pia. Lakini hawezi kusimama akasema ni udi uliofanya haya. Umri wote huo amepika kwa makaa vilevile, na hata akiijua sababu, dawa ni ileile. Lilikuwa jibu la mtu mkweli na mimi nililichukia. Nilitaka aseme hapana, basi. Tulirudi kwenye feri tumekaa kwenye ile benchi ya pembeni, watu wamesimama wametuzunguka, mpaka tulipokaribia kufika upande wetu. Hapo mke wangu akanambia kwa sauti ndogo kwamba ikiwa ni udi, basi amewafukiza na watoto wa watu. Feri ilikuwa imeshagusa ukingo, watu wanasukumana kushuka.

Kupasuliwa hakungefaa kitu, maana ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Tiba ikawa ni dripu za dawa kali, kila baada ya wiki kadhaa. Tuliambiwa wazi kwamba hazitamponya, zitaurudisha nyuma kidogo apate pumzi. Na kweli kwa muda alipata pumzi. Lakini zile dripu zilimfanyia kitu ambacho hakuna aliyetutahadharisha nacho ipasavyo. Mwanamke aliyeweza kusimama mlangoni akakwambia bibi arusi wa mtaa wa pili amefukizwa na nani, sasa hakuweza kustahimili harufu hata moja. Jirani akikaanga kitunguu, anatapika. Sabuni yangu ya kuogea ilimshinda, nikaiacha. Mafuta ya nazi yalimshinda. Jiko nikalihamishia nyuma ya ukuta wa uani, nikawa napika uji na wali mweupe, nampa vikiwa vimepoa, kwa sababu chakula baridi hakina harufu nyingi. Siku moja akanambia nikakiweke mbali chetezo, maana hata kikiwa hakina moto kinamnukia. Nikakifunga ndani ya gunia na kukisukuma nyuma ya pipa la maji. Aligeuka upande wa dirisha nilipokuwa nakitoa.

Sasa, atakayesoma haya na si mtu wa kwetu huenda asielewe lililotupata. Kwetu mwanamke haendi kumtazama mgonjwa hivihivi. Huoga, hutoa leso nzuri na buibui lililofukizwa, hutia marashi, na kama msimu upo hupachika asumini kichwani. Ndiyo heshima yenyewe. Humwendei mgonjwa na harufu ya jikoni kana kwamba umepita njia. Na kwa mke wangu walijifukiza maradufu, tena kwa udi aliowapikia mwenyewe. Kina mama watatu wa kwanza kuja baada ya dripu ya pili waliingia wamependeza, wakainama kumbusu mkono, na kabla hawajakaa alikuwa ameshaomba beseni. Kutapika kukaleta kikohozi, kikohozi kikamkata pumzi mpaka midomo ikabadilika rangi. Wale mama walidhani ni ugonjwa. Walilia, wakamwombea dua, wakaenda zao, na harufu yao ikabaki kwenye shuka na pazia. Nilishika sinia nikawa napepea chumba kizima kuelekea dirishani, nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Alipopata nafuu nikamwambia kwamba wakija tena nitawaeleza. Alinitazama kama nimesema nitawamwagia maji.

"Usiwaambie. Mtu kajipamba kuja kunitazama, umwambie yuwanuka? Waambie n'melala."

Nikamwambia hilo ni jambo la kipuuzi. Akasema hata kama ni la kipuuzi, ni lake, na asingependa kufa akiwa amemtia mtu haya. Mke wangu alikuwa mtu laini katika kila kitu isipokuwa adabu. Kwenye adabu ungemgonga kichwa ukutani asitetereke. Basi tangu siku ile akawa amelala. Wakija asubuhi, amelala. Wakija baada ya alasiri, amelala. Nilikuwa nikisikia mnyororo wa geti naenda mlangoni, nauziba kwa mwili wangu wote ili harufu isipite, na nasema neno lile moja. Waliniachia vyakula. Pilau, biriani, samaki wa kupaka. Nisingeweza kuviingiza ndani, kwa hiyo nilikula nyuma ya pipa la maji nimesimama, nimelipa mgongo dirisha la chumba chake. Chakula kilikuwa kitamu, kisha nikanawa mikono na kinywa kabla ya kurudi ndani.

Watu hawakukawia kusema. Msikitini mmoja aliniuliza kwa kunong'ona kama kweli si kifua kikuu, maana ana wajukuu na wake wa wanawe walikuwa wakija kwangu. Mwingine alisema namficha. Mwingine, rafiki yangu wa tangu bandarini, aliniambia kwa mzaha kwamba nimeanza wivu uzeeni. Nilimjibu vibaya. Nikawa naswali na kutoka upesi, sikai barazani na wenzangu. Na pale nyumbani mnyororo ukawa unalia mara chache, kisha mara moja moja, kisha haukulia. Wa mwisho kuacha kuja alikuwa shoga yake, aliyepika naye udi tangu wote wawili hawajaolewa. Huyo alirudishwa mlangoni mara nyingi kuliko mtu yeyote. Siku ya mwisho hakuuliza hali. Alisema tu, "Shemeji, akiamka mwambie aniite," akaondoka.

Tukabaki sisi wawili na mashine ya oksijeni. Ile mashine hunguruma kutwa, na stima ikipotea inanyamaza, nawe unajikuta umesimama katikati ya chumba umeshika mtungi wa akiba. Aliyekuwa akiingia kwetu ni muuguzi mmoja tu, wa wale wanaowazungukia nyumbani wagonjwa ambao hospitali haina tena la kuwafanyia zaidi ya kuwapunguzia maumivu. Huyo hakuwa na marashi. Kazi ilikuwa imemfundisha. Alinionyesha jinsi ya kumkalisha akiwa ameegemea mbele kwenye meza yenye mto, mikono juu, ili kifua kifunguke. Alinionyesha kumwambia atoe pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza kaa, na mke wangu akasema hilo halihitaji kufundishwa. Alinionyesha kwamba upepo mdogo ukimpiga shavuni, kifua hutulia hata kama hewa iliyoingia ni ileile. Nikachukua kipepeo cha ukindu tulichokuwa tukipulizia makaa, nikakiosha na kukianika juani mpaka kikaisha harufu, nikawa nampepea usoni nacho.

Mofini niliiogopa. Niliposikia jina nilidhani ndiyo wamekuja kummaliza. Muuguzi akakaa nami kwa utulivu, akanieleza kwamba ile dawa ya maji hutuliza maumivu na pia hupunguza ile hofu ya kukosa pumzi, na kwamba inatakiwa ipewe kwa wakati wake, si kungoja mpaka mtu apige kelele. Itamfunga choo, akasema, kwa hiyo kuna dawa nyingine ya kwenda nayo, na papai likipatikana. Nikajifunza kumgeuza, kumpaka vaselini isiyo na manukato visiginoni na mgongoni, kumsafisha kinywa kwa kitambaa na maji ya chumvi. Nilimwogesha mimi mwenyewe. Mwanzoni tuliona haya, wazee wazima. Kisha akaanza kunitania kwamba namwosha kama naosha lori. Huo ulikuwa mzaha wetu wa mwisho wa siku nyingi, maana baadaye hakuwa na pumzi ya kupoteza kwa mizaha.

Nilichokiogopa hakikuwa kifo chenyewe. Kifo tulikuwa tumeshaambiwa. Niliogopa kwamba mtu aliyewatoa mabibi arusi wa mtaa mzima, aliyekuwa haachi kuzungukwa na watu, ataondoka mlango umefungwa, hata kama ni yeye mwenyewe aliyetaka ufungwe. Yeye hakulalamika. Lakini niliona jambo. Katika zile siku za mwisho ambazo watu bado walikuwa wakija, mnyororo ukilia aligeuza macho kuelekea mlangoni. Halafu alinisikia nikisema amelala, naye akayafumba. Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa akifumba macho ili nisiwe mwongo.

Dripu zikasimamishwa, mwili ulikuwa umeshindwa. Daktari alituambia kwa ule upole wake kwamba kilichobaki ni kumstarehesha. Nilirudi nyumbani nikamlaza, nikakaa kwenye kiti changu nikiisikiliza mashine. Hapo ndipo nilipochoka na adabu. Kesho yake muuguzi alipokuja, nikamwomba akae naye kidogo, nikavaa kofia, nikashika njia ya Mtongwe hadi kwa shoga yake.

Si kawaida yangu kwenda kwenye nyumba za wanawake. Nilibisha hodi nikasimama mbali na mlango. Alitoka akasimama nyuma ya pazia, akanijibu salamu kwa ubaridi, na nilistahili. Harufu ya udi ilikuwa inatoka ndani mpaka barabarani. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, yote yakanipotea.

"Shemeji, si kwamba hataki watu. Ni udi. Harufu yamkaba."

Pazia halikutikisika. Akauliza, "Udi wetu?"

Nikamwambia ndiyo, udi wao, na marashi, na asumini, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza kusema, asije akawatia haya. Nilingoja. Nilisikia miguu yake ikirudi ndani, na mimi nikarudi nilikotoka nikiwa na hakika kwamba nimelivunja hata lile dogo lililokuwa limebaki.

Nilimwambia mke wangu nilichofanya, kwa sababu sikuwa nimezoea kumficha. Aligeuza uso ukutani. "Ushamtia haya," alisema, na hakunisemesha tena siku ile. Alikunywa dawa mkononi mwangu bila kunitazama. Nilimpepea akiwa amenipa mgongo. Katika miaka yote ya ndoa yetu tuligombana mara nyingi, tena kwa sauti, lakini kununiwa na mtu ambaye hujui kama atakuwa na muda wa kuacha kununa ni adhabu ambayo simwombei mtu.

Mnyororo ulilia kesho yake baada ya adhuhuri. Nikaenda mlangoni kwa mazoea, nikauziba. Alikuwa ni shoga yake, na kwanza sikumtambua. Alivaa leso iliyopauka, ya kufanyia kazi za uani, na nyingine kama hiyo kichwani. Hakuwa na wanja wala buibui la kutokea. Alikuwa amepita barabarani hivyo, yeye ambaye haendi hata dukani bila kujitia marashi.

"Nimezifua kwa maji matupu na kuzianika tangu jana," alisema. "Nanuka kama mja wa Mungu. Yuwalala?"

"Yu macho," nikasema, nikampisha.

Aliingia polepole, akasimama karibu na mlango wa chumba, kama anayengoja kufukuzwa. Mke wangu alimtazama zile nguo. Akamwita kwa mkono. Shoga yake akaenda, akainama, na mke wangu akamshika shingoni akamvuta karibu na uso wake, akavuta pumzi kwa pua, kile kipumzi chake kifupi. Mimi nilikuwa nimeshashika beseni.

"Miaka yote hii," alisema, na ilibidi apumzike katikati, "sikujua wanukaje."

Wakacheka. Kicheko kikaleta kikohozi, nikakimbilia kipepeo, lakini shoga yake alikuwa ameshakichukua, na kikohozi kikapita. Nikatoka. Wanawake wakiwa ndani, chumba si changu. Nilikaa kwenye kizingiti cha nje nikawasikia wakizungumza, maneno siyapati, sauti tu, na nilijiona nina furaha na mpweke kwa pamoja, maana nilikuwa nimezoea kuwa mtu wake wa pekee.

Sijui aliwaambiaje wenzake. Nasikia alilitangaza kwenye harusi moja, mbele ya watu wote, kwamba anayekwenda kumtazama fulani aende na nguo ya maji. Wakaanza kuja. Walikuja na leso zilizofifia, zenye harufu ya jua, wamejipangusa wanja. Mmoja alifika getini akakumbuka kwamba ametia marashi, akarudi kwao bila hata kubisha. Mwingine alikuwa na asumini kichwani, akaichomoa na kuiacha juu ya ukuta wa nje, na akitoka akaisahau. Wengine wakaiga. Kuna siku nilikaa pale nje peke yangu na kijirundo cha asumini kinachonyauka pembeni yangu, na ndani watu wanazungumza. Mke wangu hakuweza kukaa nao muda mrefu, lakini mlango ulikuwa wazi, na nikisikia mnyororo sikuwa na neno la kusema zaidi ya karibu.

Hakuyasema mengi kuhusu udi. Najua jambo moja tu, kwa sababu nilikuwepo. Alimshika shoga yake mkono akamwagiza kwamba akiwafukiza mabibi arusi, afungue dirisha, na watoto wadogo wasikae uani wakati wa kupika. Shoga yake alisema atafanya. Nasikia watu wanamnung'unikia mpaka leo kwamba harufu yake haikai kwenye nguo kama zamani.

Mke wangu alifariki asubuhi, jua limeshatoka. Nilikuwa nampepea, shoga yake amemshika mkono, dirisha wazi. Pumzi zilikuwa zimeanza kuachana, moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine, na muuguzi alikuwa ameshatuambia kwamba ndivyo itakavyokuwa. Niliendelea kupepea baada ya ile ya mwisho kwa sababu sikujua kwamba ni ya mwisho. Shoga yake ndiye aliyenishika kiganja akakishusha. Kisha akaenda kuizima mashine, na sijawahi kusikia nyumba ikinyamaza namna ile.

Ilibidi azikwe alasiri. Wanaume wakakusanyika nje, wale waliokuwa wakininong'onea na wale niliowajibu vibaya, wakanishika mkono mmoja mmoja. Wanawake wakapita ukumbini kwenda chumbani kwa ajili ya kumwosha. Nilikuwa nimekaa pale ukumbini kwenye kiti, na walipokuwa wakinipita nikatambua jambo. Hakuna hata mmoja aliyenukia. Wote walikuwa wamevaa zile leso zilizopauka, nguo ya maji, kana kwamba bado angeweza kukohoa. Hakuna aliyewaambia. Sanda ilikuwa tayari, karafuu maiti ilikuwa tayari, na ubani uko mezani kwenye karatasi, lakini hakuna aliyegusa kiberiti. Walikuwa wakiupita ule ubani na kunitupia jicho.

Mwishowe shoga yake akaja kusimama mbele yangu.

"Shemeji, tufukize?"

Nikainuka. Nilikwenda uani mimi mwenyewe, nikalivuta gunia nyuma ya pipa la maji, nikakitoa chetezo. Buibui walikuwa wamekitandia. Nikakisuuza, nikakifuta kwa shati langu, nikamletea. Yeye akatoa kijikopo cha udi wa mwisho waliopika pamoja, akapuliza makaa, akaweka ubani na juu yake kipande kimoja. Moshi ukapanda. Ile ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yangu, niliyoingia nayo kazini kila siku kwenye nguo wenzangu wakanicheka, na haikuwa imetoka kwenye chetezo chetu tangu zilipoanza dripu. Ilinichoma moyo kuliko kitu chochote cha siku ile. Nililia pale, mbele ya wanawake, na sikujali.

Moshi ukajaa ukumbini, ukaanza kunyiririka kuelekea chumbani kwake. Nilipouona nilikurupuka, nikawahi mbele yake, nikaufunga mlango. Nilikuwa nimeukandamiza kwa mgongo, nimenyoosha mikono huku na huku, ndipo nilipoona wanawake wote wamesimama wananitazama.

Nikaufungua, moshi ukaingia.